Glovu Zilisema Kabla ya Daktari

Kabla sijakabidhi funguo za kabati la dawa, mganga mfawidhi wa kituo nilikostaafia, kijana mwenye adabu zake, aliniomba niwaandikie wauguzi wapya maneno machache kuhusu mipaka ya kazi ya muuguzi daraja la pili. Akanionyesha na karatasi yenyewe, ile iliyobandikwa ukutani kwa plasta karibu na saa, yenye safu mbili: anayoruhusiwa na asiyoruhusiwa. Akasema, Mama, hata kurasa mbili zinatosha. Nilitaka kumuuliza anataka nieleze safu ipi, maana karibu yote yaliyo kwenye safu ya pili nimewahi kuamriwa kuyafanya na watu wale wale waliobandika karatasi.

Basi naandika. Habari za vyeo msizitarajie, sikuvipata vya kutosha kuvisimulia, na mshahara wetu mnaujua. Nataka kusema juu ya kazi, na hasa juu ya jambo moja lililo kule chini kabisa kwenye safu ya pili, ambalo ninyi mnalipitia haraka kwa sababu linaonekana dogo: muuguzi wa daraja la pili haruhusiwi kumweleza mgonjwa wala ndugu zake majibu ya vipimo. Sentensi hiyo imenihangaisha kuliko damu yote niliyoiona wakati wa vita.

Nilianzia Bukoba, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Nilitoka kwetu Izimbya na sanduku la bati na cheti kipya, nikidhani nitaokoa watu kuanzia asubuhi ile ile. Nilikabidhiwa kwa mzee mmoja tuliyemwita Ta Barongo, mfunga vidonda, ambaye kazi yake alijifunzia jeshini enzi za Mwingereza, na kwa ngazi za hospitali alikuwa chini hata yetu. Huyo hakunifundisha kuokoa mtu. Alinifundisha kuchemsha. Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, yakitumika leo, kesho na mwaka ujao, na yalichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la mchina, yeye amesimama pembeni kuhakikisha sifunui mfuniko. Sindano zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe, kisha tunapitisha ncha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, bado ina kijino, unanoa tena, maana kijino hicho kitanasa hivyo hivyo ndani ya nyama ya mtu.

Glovu nazo zilifuliwa. Ndiyo, zilifuliwa kwa sabuni, zikapulizwa zikajaa upepo, ukaziweka karibu na shavu ili usikie kama kuna tundu linalovuja, kisha zikaanikwa kwenye kamba nyuma ya wodi, zikapakwa poda na kukunjwa mbilimbili. Yenye tundu dogo tuliiziba kwa kipande cha nyingine iliyokwisha. Ninyi mnachukua mbili kwenye boksi, mnatupa, halafu mnachukua nyingine mbili na kujibia simu.

Vita na Uganda vilinikuta hata sare yangu haijapauka. Daraja la Kyaka lilipovunjwa na watu wa ng'ambo ya mto wakaanza kuingia mjini na magodoro vichwani, hospitali ilijaa mpaka varandani. Baada ya hapo wakaanza kuletwa majeruhi. Nusu ya wafanyakazi walikuwa wamekimbiza watoto wao kuelekea Muleba na hawajarudi. Daktari mmoja mrefu, mtu asiyependa maneno, alinikuta nimeshika beseni akaniuliza kama naweza kushona jeraha. Nikamwambia sisi wa daraja la pili hatukufundishwa. Akasema hakuniuliza nilichofundishwa, akaniwekea uzi na koleo mkononi, akaenda kwa majeruhi mwingine. Ta Barongo alisimama nyuma yangu akanielekeza kwa Kihaya, taratibu, hatua kwa hatua. Nilishona. Niliweka dripu. Nilifunga plasta kwenye miguu iliyovunjika. Nilimzalisha mwanamke mkimbizi ambaye mtoto wake alitanguliza makalio, na hakuna aliyeniuliza daraja langu.

Vita vilipokwisha, karatasi ilirudi. Sijui ilikuwa imejificha wapi. Akaja mtu aliyejikata mguu kwa panga akisafisha kibanja chake, damu inachuruzika, nikamshona vizuri akaenda zake. Kesho yake niliitwa kujieleza kwa nini nimefanya kazi isiyo ya daraja langu. Nilisema nimeshona wengi, na wakubwa walikuwapo. Nikaambiwa ile ilikuwa dharura. Nikauliza dharura inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, na swali hilo likaingia kwenye faili langu kama utovu wa nidhamu. Msidhani nawaeleza haya kwa kinyongo. Kinyongo ninacho, lakini si cha hilo.

Miaka ilipita, nikahamishiwa Muleba, wodi ya wanawake, katika hospitali ndogo iliyo juu mlimani. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikivushwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa walioanza kukonda walikuwa wafanyabiashara wa njia hiyo. Baadaye kila mtu akawa na jina lake la kuuita, au alinyamaza tu. Dawa yake hatukuwa nayo. Tulikuwa na dawa ya utando wa mdomoni, ya kuharisha, ya vipele, na zikiisha hizo tulibaki na maji na vitambaa. Kuanzia Rubafu mpaka kwetu watu walikuwa wakizika, wanarudi nyumbani kunawa, wanaitwa kwenda kuzika tena.

Likaja agizo kwamba glovu zivaliwe kwa kila mgonjwa mwenye damu au majimaji. Agizo lilifika, glovu hazikufika. Tukafanya wanavyofanya watu wote wenye kidogo: tuliziweka kwa ajili ya wale tuliowajua. Mgonjwa ambaye damu yake ilipimwa Bukoba ikarudi na jibu baya, au mwenye dalili zilizotutia wasiwasi, huyo alihudumiwa kwa glovu. Wengine tuliwashika kwa mikono mitupu. Hakuna kikao kilichokaa kupanga hivyo, ilitokea tu, na wote tukaifuata.

Sasa fikirini wodi zetu zilivyo. Zimejaa ndugu. Mama mkwe amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda, anapika nyuma ya jengo, anafua, na muda wote uliobaki anatazama. Hana kazi nyingine. Haikuwachukua muda kuelewa. Sisi tuliokatazwa kusema majibu tulikuwa tumefumba midomo kwa utii mkubwa, na kumbe mikono yetu inatangaza kila asubuhi wodi nzima ikisikia. Nesi akifika kitandani na glovu, wifi anaacha kumlisha mgonjwa na kuweka kijiko chini. Wakituuliza kwa nini glovu, tulijibu chochote kilichotujia: nina ukurutu, maji ya leo ni ya baridi, nimekata kidole. Tulidhani tunawahurumia.

Hapo ndipo alipoletwa Generoza, mwanamke kijana wa Buganguzi, amebebwa kwa machela. Joto halishuki, tumbo limejaa, anaharisha, amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni. Mume wake alikuwa utingo wa lori la kahawa, hakai nyumbani. Kwa watu wa wakati ule swali lilikuwa limeshajibiwa kabla machela haijawekwa chini. Lakini daktari wetu, kijana makini ambaye sina baya la kusema juu yake, alimpima kwa utulivu akasema ni homa ya matumbo. Akamwandikia sindano za kloramfeniko, na ili asiache shaka akapeleka damu yake Bukoba kwa kipimo kile kingine.

Aliyemuuguza Generoza alikuwa mama mkwe wake, Ma Eustokia, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Alikuwa ameshazika watoto wake wawili wa kiume, wote kwa ugonjwa ule, na mume wa Generoza ndiye aliyembakia. Msimwone mbaya katika haya nitakayosema. Alimwosha mkwewe, alimgeuza, alitafuna mwenyewe kwanza kila alichompa ili ajue chumvi yake.

Kitanda cha pili yake alilala Nyangeta, mchuuzi wa samaki kutoka visiwani, Mjita, aliyeletwa na wenzake kwa mtumbwi, wakamwachia kanga na ndoo wakarudi kwenye biashara yao. Upande huu wa ziwa hakuwa na ndugu. Alikula uji wa hospitali na alichogawiwa na majirani wa vitanda. Alikuwa na vidonda mdomoni na begani, nasi tulimshika kwa glovu, tukimwambia ni kwa ajili ya vidonda. Alikubali. Alikuwa mcheshi, akitania kwamba nikistaafu atanifundisha kukausha dagaa, maana uuguzi ameona haunenepeshi.

Damu ya Nyangeta nayo ilikuwa imepelekwa Bukoba, na majibu yao yalirudi pamoja. Daktari aliyasoma wakati wa kupita wodini, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba damu ya Generoza ni safi. La Nyangeta hakulitaja, alikunja karatasi tu akaitia mfukoni, nami nikaelewa. Akasema atakaa na kila mmoja wao mwenyewe atakaporudi, kwa sababu gari la kwenda Bukoba kufuata dawa lilikuwa linapiga honi nje. Alitegemea kulala huko mara moja. Gari likaharibika, spea ikasubiriwa kutoka Mwanza, na daktari akasubiri pamoja nayo.

Siku iliyofuata nilikuwa nafungua kichupa cha maji ya sindano, shingo yake ikapasuka vibaya ikanichana dole gumba. Metroni, mwanamke mkali lakini asiye na hila, alikuwa na amri yake: mwenye jeraha mkononi asimguse mgonjwa yeyote bila glovu. Amri nzuri, hata leo naitetea. Nikafunga dole, nikavaa glovu, nikachukua trei, na mgonjwa wa kwanza kwenye zamu ya sindano alikuwa Generoza.

Ma Eustokia alikuwa anapooza mchuzi. Aliweka bakuli chini. Aliniambia kwamba jana nilimshika mkwewe kwa mikono mitupu. Nikamwambia nimejikata, na kwa kuwa safari hii lilikuwa kweli nilivua glovu nikamwonyesha kitambaa chenye damu. Alikitazama kwa muda.

"Mwanangu wa kwanza, nesi wake alikuwa amekata kidole," akasema. "Wa pili, nesi wake alikuwa na ukurutu. Mnaumia sana mikono, ninyi."

Nilimdunga Generoza sindano yake, naye Generoza alikuwa anatazama ukutani. Ninaposema tulidhani tunawahurumia watu kwa vile visingizio vyetu, hicho ndicho ninachokisema. Tulikuwa tumeutumia ukweli wangu mpaka ukaisha kabla sijauhitaji.

Nilikwenda moja kwa moja kwa metroni. Nilimwomba aniruhusu kusema sentensi moja tu, kwamba damu ya yule binti ni safi, au aiseme yeye. Alinijibu kwamba majibu ni ya daktari, hata yeye si yake. Nikamwambia daktari yuko Bukoba anaangalia gari lililofunguliwa injini. Akasema basi atakaporudi. Nikaenda kwa mganga msaidizi, akaniambia yeye anaruhusiwa kueleza majibu ya vipimo alivyoviagiza yeye, na hiki hakukiagiza. Alisema kwa masikitiko ya kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hospitali nzima ilikuwa na watu watatu wanaojua kwamba yule mtu hana ugonjwa ule, na hakuna hata mmoja mwenye daraja la kufungua mdomo.

Mchana wanaume wa Buganguzi walifika na machela. Metroni alijitahidi, lazima niseme hivyo. Aliwaambia mgonjwa hajapona, kwamba akiondoka anaweza kufa. Ma Eustokia akamjibu kwa adabu zote kwamba kama ni kufa afie kwao, kuliko kumleta tena akiwa maiti, maana hilo ameshalifanya. Generoza alisema neno moja tu, "Mae", kumwita mama mkwe wake. Wakamfunika kitenge wakaondoka naye.

Wale mliosoma mtaelewa kwa nini nilishika kichwa. Homa ya matumbo katika hatua ile inaacha utumbo umedhoofika. Mtu anaweza kuonekana ana nafuu, ukamwachisha dawa na kumlisha vitu vigumu, utumbo ukatoboka. Kutoka kule hakuna mkono wa daraja lolote ambao ungemrudisha. Na kule nyumbani, kwa mtu aliyekwisha kuhesabiwa kuwa na ugonjwa ule, nani angehangaika kutafuta dawa? Wangemtunza kwa upendo mpaka afe, na alikuwa hana sababu ya kufa.

Siku ya pili yake nilikuwa na mapumziko. Nilipanda pikapu ya wachuuzi mpaka njia panda, nikapandisha kwa miguu. Sindano sikubeba, kumdunga mtu nyumbani nako kumo kwenye safu ya pili. Njiani nilikuwa nafoka peke yangu, nikitunga maneno ya kusema ambayo hayatakuwa kusema.

Nyumba ilikuwa imeshaanza kukaa kimsiba. Majirani wapo, wanaume kwenye benchi nje, wanawake ndani, mazungumzo ya chini chini. Nilipokewa vizuri, nikapewa kigoda na kahawa ya kutafuna, na kila mtu akaniangalia mikono. Nikasema nimekuja kumjulia hali mgonjwa. Wakanipeleka nyuma, jikoni, walikokuwa wamemtandikia. Kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio kisichanganywe na vingine. Watoto walikatazwa kuvuka kizingiti. Chakula chake kilisogezwa kwa mkono ulionyooshwa, kikaachwa mlangoni, na yeye alikuwa hana nguvu ya kukifuata.

Nilichukua sahani ile. Kwa bahati njema ilikuwa ndizi zilizopondwa laini na mchuzi, bado za moto. Niliomba maji na sabuni, nikamnawisha Generoza mikono, nikanawa yangu, dole gumba nikaliacha na kitambaa chake kikavu. Nikakaa chini kwenye majani yaliyotandazwa sakafuni, karibu naye. Nikamlisha tonge moja, na mimi nikala moja, kutoka sahani ile ile. Mlangoni walijaa mpaka mwanga ukapungua.

Hapa mnaojua kazi mtaniuliza swali, na mna haki. Ugonjwa waliomdhania hauambukizi kwa sahani. Ugonjwa aliokuwa nao kweli ndio unaopita kwenye mikono na chakula. Nilikuwa nakula na mgonjwa wa homa ya matumbo ili kuwathibitishia watu kwamba hana ugonjwa ambao hata angekuwa nao ningeweza kula naye kila siku. Nilijua hivyo wakati natafuna. Sikumbuki kama nimewahi kukasirika namna ile na mdomo umejaa.

Sikusema neno juu ya damu. Nilisema tu ndizi zimeiva vizuri. Tulipokaribia kumaliza, Ma Eustokia alipita katikati ya watu, akachutama mbele yangu, akaitazama sahani, kisha akatazama uso wangu. Nadhani alikuwa anatafuta kisingizio kingine. Akachukua tonge lililobaki akalitia mdomoni mwake. Nilimwambia alipaswa kunawa kwanza, hakunisikia. Alisimama akawaambia wanaume walete machela.

Generoza alirudi wodini, akamaliza dawa, akapona polepole, nywele zikamnyonyoka zikaota upya. Siku alipoondoka kwa miguu yake, Ma Eustokia alibeba ndoo na kumwacha mkwewe atembee mikono mitupu mbele yake.

Metroni aliniita mara tu niliporudi. Habari ilikuwa imenitangulia. Aliniuliza kama nimewaeleza ndugu wa mgonjwa majibu ya kipimo. Nikamwambia sikusema kitu, nilikula tu.

"Umesema," akasema, "na mdomo umejaa ndizi."

Akanipa onyo la maandishi, kisha akaniuliza binti anaendeleaje. Nilitoka pale nimevimba, nikijiona nimeonewa, na usiku ule mzima niliamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi na karatasi ndiyo iliyokosea. Ingekuwa rahisi kuwaandikia hivyo na kuishia hapo. Mngenipigia makofi.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea Nyangeta uji. Dole gumba lilikuwa halijapona, nilikuwa na glovu. Kitanda cha jirani yake, Generoza amelala usingizi mzuri na Ma Eustokia anasinzia kwenye mkeka. Nyangeta alipokea kikombe akanywa nusu. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Nesi, nimesikia ulimfuata huyu mpaka kwao, ukala naye ili kumwondolea maneno."

Nikamwambia nilikwenda kumjulia hali.

"Umepanda mlima wote ule kwa ajili yake. Mimi niko hapa hapa, na hujaniambia kitu."

Nilisimama na trei. Nilijua kisingizio cha vidonda kipo, kimekaa tayari, na nilijua kwamba nikikitoa atakipokea kwa heshima kama alivyokipokea siku zote. Yeye hakuningoja. Alisema polepole kwamba mradi glovu zilikuwa za vidonda alikuwa bado anangoja daktari. Sasa hangoji tena. Kisha akaninyooshea kikombe, uji uliobaki umeanza kuganda juu.

Nilivua glovu, nikakaa kitandani kwake, nikanywa. Nilimrudishia, akamalizia. Ilikuwa haki yake, sikunywa kwa kumhurumia. Lakini sote wawili tulielewa kwamba kunywa kwangu hakukubadilisha kitu, kwa sababu kwa Generoza nilikula kusema hapana, na kwake sikuwa na hapana ya kumpa. Nilikuwa nimemwambia majibu yake bila kumtazama, nikiwa kilomita nyingi mbali naye, kwenye jiko la watu wengine.

Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa kanga. Ndipo akaniuliza kama wachuuzi wa samaki bado wanafika sokoni Muleba. Alikuwa na binti, msichana wa umri wa kuolewa, kwa dada yake ng'ambo kule Majita, na alitaka apelekewe habari kwamba aje. Mpaka siku ile alikuwa hajataka kumsumbua, akidhani atapona amfuate mwenyewe. Nilikwenda sokoni nikamtafuta mtu wa mitumbwi, nikampa ujumbe wa mdomo, na akaufikisha.

Kwa hiyo vijana, msinipelekee maneno kwamba Mama amesema karatasi ya ukutani ni upuuzi. Sikusema hivyo. Wala msinipelekee maneno kwamba nimeitetea. Imeandikwa na watu waliodhani majibu hukaa mdomoni, na kwamba ukimfunga nesi mdomo umeyazuia. Yanakaa kwenye mikono, kwenye kitanda unachokianza na unachokimalizia, kwenye mtu unayemfuata kwao na usiyemfuata. Nimekaa kazini miaka yote iliyobaki nikitafuta safu ya kuliandika hilo na sijaiona. Nilichoweza ni kugombana. Nilipigana na kila mfamasia na kila mkubwa mpaka glovu zivaliwe kwa wote au zisivaliwe kwa yeyote, na nikaitwa mkorofi, na mkinikuta kwenye mafaili hivyo ndivyo nilivyoandikwa.

Daktari alirudi spea ilipopatikana. Alifanya kila kitu kama inavyotakiwa, na alikifanya vizuri. Alivuta pazia, akaomba kiti, akakaa ili asiongee na mgonjwa akiwa amesimama, akaongea Kiswahili chepesi na kumwachia nafasi ya kuuliza. Mimi nilisimama pembeni nimeshika trei, kusimama kunaruhusiwa. Nyangeta alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza hata mara moja, kwa sababu aliona kijana anapata tabu kusema.

"Asante, daktari," akamwambia. "Binti yangu alishafika."